Kung'oa vioo vya umeme kwenye pikapu ya kazi

Mafundi wengi hushangaa ukiwaambia unataka kutoa vioo vya umeme uweke vya kuzungusha kwa mkono. Wateja wao wa kila siku wanataka kinyume chake. Mimi nimefanya hivyo kwenye Hilux yangu, dabo kabini ya miaka ya 90 inayopanda Mgeta kufuata kabichi na karoti kisha kushuka nazo Morogoro mjini, na sina majuto. Ila kabla hujamwita fundi, hakikisha kwanza kwamba gari lako linaihitaji kazi hiyo. Vioo vingi vinavyohukumiwa kuwa vimekufa ni vizima.

Kipimo changu ni cha bure. Usiku washa taa ya ndani ya gari, bonyeza swichi ya kioo, halafu itazame taa. Ikififia kidogo, umeme unafika na mota inajitahidi, ila kuna kitu kinaikaba. Mara nyingi ni zile raba za pembeni ambamo kioo kinapita. Vumbi la barabara hujaa humo, likilowa linakuwa tope, likikauka linashika kama saruji. Zisafishe kwa kitambaa na maji ya sabuni, ziache zikauke, kisha pulizia silikoni. Grisi usiguse kabisa, itakusanya vumbi la kesho.

Taa isipotikisika hata kidogo, usiilaumu mota. Kagua fyuzi, kisha chomoa ile raba yenye mikunjo iliyo kati ya mlango na bodi. Waya zilizomo humo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na baada ya miaka hukatika ndani kwa ndani huku plastiki ya nje ikionekana nzima. Ukizivuta taratibu, iliyokatika itarefuka mkononi. Kuunga waya mmoja ni nafuu kuliko yote ninayoyaeleza hapa chini. Swichi kubwa ya dereva nayo hunyeshewa pale dirisha linapoachwa wazi, na kontakti zake huota kutu.

Kubadilisha kunaingia akilini pale mota zimeungua, swichi za mtumba unazoletewa ni chakavu kama yako, na gari linashinda mbali na mafundi. Ukiwa Nyandira, huko Mgeta, kioo kimegoma chini na mvua ya Uluguru inakuja, hakuna wa kukusaidia zaidi ya turubai. Kama gari lako linashinda kwenye lami na watoto wanakaa kiti cha nyuma, tengeneza umeme wako tu.

Sasa spea. Watu wengi huenda Gerezani, Dar es Salaam, kununua mashine ya kioo (kile chuma chenye mkono na meno kinachopandisha na kushusha kioo) peke yake, kisha wanarudi tena kwa sababu vitu vidogo havipo. Nunua seti nzima kutoka gari moja la toleo lile lile: mashine, hendeli, klipu zake, washa ya plastiki inayokaa nyuma ya hendeli, na paneli ya ndani ya mlango ikipatikana. Mashine ya kulia haiingii kushoto. Izungushe pale pale dukani kwa hendeli, juu hadi chini, huku umeshika mkono wake kwa kiganja ili ipate uzito kidogo. Meno yaliyolika yatajulikana hapo, itaruka.

Siku ya kazi, pandisha kioo juu kabisa kama bado kinapanda, kisha kibane kwa tepu pana ya karatasi inayopita juu ya fremu ya mlango, ndani na nje. Kioo kikiachiliwa bila kushikwa kinaangukia ndani ya mlango, na vya mtumba vinavyoenea si rahisi kuvipata. Chomoa waya wa hasi wa betri. Toa paneli, halafu ufike kwenye ile nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Hapa mafundi wetu wengi hukosea: wanaichana na kuitupa. Nailoni hiyo ndiyo inayozuia maji yanayopita ndani ya mlango yasiingie kwenye paneli na zulia. Ibandue polepole kwa kisu, ilaze mahali pasipo na vumbi, uirudishe.

Mashine ya umeme itoe nzima, na mota yake ikiwa juu yake. Mashine nyingi za mikono ya mkasi zina springi iliyokazwa inayosaidia kuinua kioo, na mota ndiyo inayoizuia. Fundi akifungua bolti za mota kabla hajaubana mkono ule, springi inafyatuka na meno yanapita penye vidole. Huna sababu ya kuvitenganisha, maana unaweka mashine nyingine.

Kwenye bati la mlango, tundu la kupitishia mhimili wa hendeli mara nyingi tayari lipo, limezibwa tu, kwa kuwa kiwanda kilitumia mlango ule ule kwa matoleo yote mawili. Paneli ndiyo haina tundu. Kama umekosa paneli ya toleo la mkono, paka chaki nene kwenye ncha ya mhimili, kandamiza paneli yako mahali pake, uitoe. Alama nyeupe itakuonyesha pa kutoboa. Anza na tundu dogo.

Hendeli hushikwa na klipu ya waya yenye umbo la kiatu cha farasi. Kuivaa ni rahisi: itangulize kwenye hendeli, kisha gonga hendeli kwa kiganja mpaka isikike ikibana. Kuitoa siku nyingine usitumie bisibisi. Pitisha kitambaa nyuma ya hendeli, ukivute kulia na kushoto kama mtu anayeng'arisha kiatu, nyuzi zitaikamata klipu na kuirusha. Weka mkono mwingine mbele, la sivyo utaitafuta chini ya viti mpaka jioni. Kioo kikiwa kimefungwa, hendeli ikae pasipogonga goti la dereva.

Waya zilizobaki usizikate. Zifunge ncha kwa tepu, zikunje ndani ya mlango mbali na kioo. Fyuzi ya vioo itoe tu baada ya kusoma kifuniko cha boksi, maana baadhi ya fyuzi zinahudumia na vitu vingine. Na kama gari lako ni jipya lenye eabegi (mifuko ya hewa ya usalama) za pembeni, linaweza kuwa na sensa ndani ya mlango. Hilo mpelekee fundi umeme anayelijua.

Ukitaka kuondoa na loki za umeme, hiyo ni kazi ndogo. Kitasa chenyewe ni cha chuma na fimbo zake zinafanya kazi bila umeme. Kinachotoka ni kile kimota kinachozivuta. Kimota kilichoungua hulifanya pini la loki kuwa zito, ukikitoa linalainika. Ila kama king'ora kinategemea rimoti hiyo hiyo, amua kwanza unakitaka au hukitaki. Mimi nilikiacha kimota cha mlango wa dereva, nikatoa vingine vitatu. Sasa kila ninapoegesha nazunguka gari zima kubonyeza mapini, na ufunguo wa akiba nautembeza mfukoni.