Kiuno, nyonga na mshipa kwa Kingereza cha hospitali

Mkuu umeuliza kiuno kwa Kingereza ni nini, manake unampeleka mama kwa daktari huko Marekani na analalamika kiuno na miguu kuwaka moto. Kamusi itakupa "waist", ila hilo ni neno la fundi cherehani, pale mkanda wa suruali unapopita. Ukienda nalo daktari atakuangalia tu. Mama zetu wakisema kiuno mara nyingi ni mgongo wa chini, yani "lower back". Ila kuna anayesema kiuno huku kashika nyonga, hiyo ni "hip", na mwingine kashika mbele kwenye kinena, "groin". Na hapo pana mtego, jointi ya nyonga yenyewe ikiwa na shida maumivu mara nyingi yanasikika kinenani na sio pembeni, sasa wewe umesema "hip", daktari kabonyeza pembeni, mama kasema hapaumi, mnabaki mnazunguka.

Mi nawapeleka ndugu hospitali huku miaka sasa, na kabla hatujatoka nyumbani namwambia mgonjwa niwekee kidole kimoja panapouma, kidole kimoja sio kiganja kizima. Alafu ndo natafuta Kingereza cha pale alipogusa, neno alilotamka naliweka pembeni kwanza.

Kwenye miguu usikimbilie "legs". Sisi mguu ni kuanzia pajani mpaka vidoleni, wenzetu wameukata kwenye kifundo, juu "leg" chini "foot". Kama kunawaka nyayo sema "the soles of her feet", daktari akisikia nyayo za miguu yote miwili zinawaka hachelewi kuwaza sukari. Mkono hivyohivyo, "hand" inaishia kwenye kifundo, kupanda juu ni "arm".

Mshipa ndo balaa lenyewe. Unaweza kuwa wa damu, "vein" au "artery", unaweza kuwa "nerve", watu wengine hata kano wanaita mshipa, na ukikaa na wazee wa pwani mshipa ni ngiri kabisa! Hili mi silitafsiri hata siku moja, naeleza tu unafanyaje: unavuta, unapiga kama shoti ya umeme, umevimba, unatokeza akikohoa.

Mama akisema chembe ya moyo usitamke "heart". Shangazi yangu alitafsiriwa hivyo na kijana mmoja, akalala na nyaya za kupima moyo kifuani, kumbe alikuwa anaonyesha pale chini ya mfupa wa kifua, "upper belly", na shida ilikuwa vidonda vya tumbo. Sio kwamba kupima moyo ni vibaya, moyo nao ukiumwa unaweza kusikika hapohapo, ila daktari aambiwe alipogusa aamue mwenyewe. Na "ana kifua" kama ni kikohozi sema "cough", ukisema chest pain utaona watu wanavyokimbia.

Lingine, na mi naona ndo kubwa kuliko yote, we ni mtoto wake wa kiume. Kuna kiuno ambacho ni kiuno na kuna kiuno ambacho mama anasema hivyo kwa sababu mwanae yupo hapo na hawezi kutamka zaidi, tena "huku chini" nayo ndo hivyohivyo. Hata ujue Kingereza chote hutakitoa hicho. Hospitali zinazopokea hela ya serikali kuu huko zinatakiwa zikupe mkalimani bure, inatokana na ile sheria ya haki za kiraia ya 1964, kwahiyo ukipiga simu kuchukua apointimenti waambie kabisa unataka mkalimani mwanamke wa Kiswahili, akipatikana wa Kitanzania bora zaidi. Siku ikifika mpeleke mama mpaka mlangoni, msalimie daktari, mwachie orodha ya dawa anazotumia, alafu kakae nje.