Mteremko Ndio Unaomaliza Miguu: Ushauri kwa Anayejiandaa na Ultramarathoni ya Vilimani

Watu wanaojiandikisha kwa mara ya kwanza kwenye ultramarathoni ya vilimani, yaani mbio ndefu kuliko marathoni ya kilomita 42, huniuliza karibu swali lile lile: vile vilima vyote nitavipandaje? Jibu langu halijabadilika kwa miaka. Vilima utavipanda. Ukichoka utatembea, ukichoka zaidi utatembea polepole, na juu utafika. Kinachowatoa wengi mbioni ni kushuka.

Nimekaa sana kwenye vituo vya huduma vilivyo chini ya miteremko mirefu, mara kama mkimbiaji, mara kama mtu wa kujitolea kugawa maji. Mkimbiaji anafika pumzi zikiwa shwari, anaongea vizuri, anauliza imebaki kilomita ngapi. Halafu anataka kukaa. Anashika kiti kwa mikono miwili, anajishusha taratibu, na paja linamtetemeka waziwazi mbele ya macho yako. Mapafu yake yangeweza kwenda saa nyingi zaidi, ila miguu imegoma.

Sababu yake inaeleweka. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki: inakaza huku inavutwa na kurefuka, hatua baada ya hatua, ikizuia uzito wote wa mwili. Kukaza kwa namna hiyo huumiza nyuzi za misuli kuliko kukaza kwa kawaida. Nguvu za mguu hupungua siku hiyo hiyo, ingawa maumivu yenyewe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Kwenye mbio za kilomita 10 hutalijua hilo, kwa kuwa utakuwa umeshamaliza. Kwenye kilomita 60 au 100, mteremko wa asubuhi unaulipia mchana. Wakimbiaji wa Comrades ya Afrika Kusini, mbio zilizoanza mwaka 1921 na ambazo hubadilisha mwelekeo kati ya Durban na Pietermaritzburg, wanalijua vizuri. Mwaka wa kushuka kuelekea Durban muda huwa mzuri zaidi, lakini wengi watakuambia kwamba ndio mwaka uliowaumiza mapaja zaidi. Western States ya Marekani, yenye maili 100, ina mita zipatazo 5,500 za kupanda na takriban 7,000 za kushuka. Anayejifunza kupanda tu hajajiandaa na mbio za namna hiyo.

Habari njema ni kwamba mwili hujifunza kushuka haraka. Zoezi moja gumu la mteremko huiachia misuli kinga ya wiki kadhaa, na ukirudia zoezi lile lile maumivu huwa madogo zaidi. Kwa hiyo huhitaji kujitesa kila wiki. Mimi huanza na mteremko mpole na mfupi, dakika chache za kushuka kwa mwendo wa kawaida mwishoni mwa mbio nyepesi. Baada ya hapo naongeza urefu kwanza, kisha ukali wa mteremko, na kasi huja mwisho kabisa. Zoezi kubwa la mwisho la kushuka naliweka kama wiki mbili na nusu kabla ya mbio: misuli inapata muda wa kupona, na kinga bado ipo.

Namna ya kushuka nayo inafundishika. Fupisha hatua na uzifanye za haraka. Mguu utue chini ya mwili, usiutupe mbele; ukitua kwa kisigino huku goti limenyooka, mshtuko wote unapanda gotini. Mwili uelekee mbele kidogo kufuata mteremko. Hofu hutuvuta tuegemee nyuma, na hapo ndipo miguu huteleza. Mikono iache ipanuke kutafuta mizani. Macho yatazame mita kadhaa mbele, pale utakapokanyaga baada ya hatua tatu au nne. Na usiogope kutembea kwenye mteremko mkali wenye mawe yaliyolegea. Sekunde unazookoa pale hazifai kitu ukivunjika kifundo.

Anayeishi kwenye tambarare asikate tamaa. Ngazi za jengo refu zinatosha kwa kazi hii, ili mradi ushuke nazo pia, usipande tu kisha ukachukua lifti. Ongeza zoezi la kusimama juu ya benchi imara na kushusha mguu mmoja chini taratibu, ukihesabu hadi 3 kabla ya kisigino kugusa sakafu. Linaonekana jepesi. Jaribu seti tatu kwa kila mguu, kisha uniambie kesho yake.

Sasa turudi kwenye kupanda, maana nako kuna la kusema. Kutembea kilimani ni ujuzi, na unastahili kufanyiwa mazoezi kama kukimbia. Pale penye mlima mkali, anayekimbia kwa kujilazimisha na anayetembea kwa nguvu hupishana hatua chache tu, lakini mmoja anafika juu akihema na mwingine anafika akiwa tayari kukimbia. Kipimo changu ni maneno: nikishindwa kusema sentensi nzima bila kukatika, natembea. Weka viganja juu ya mapaja na usukume, au tumia fimbo mbili za kutembelea kama sheria za mbio zako zinaziruhusu. Fimbo hizo zizoee mapema, kwa sababu mabega yasiyozizoea huuma vibaya baada ya saa kadhaa.

Mazoezi usiyahesabu kwa kilomita pekee. Chukua jumla ya mita za kupanda kwenye mbio zako na uigawe kwa umbali. Mbio za kilomita 60 zenye mita 2,400 za kupanda zina wastani wa mita 40 kwa kila kilomita, kwa hiyo mazoezi marefu ya kilomita 25 yawe na mita kama 1,000. Hapo mwili unazoea njia yenyewe. Kuna kanuni ya zamani ya wapanda milima, iliyotolewa na Mskoti William Naismith mwaka 1892: saa moja kwa kila maili 3 (takriban kilomita 5), na saa nyingine kwa kila futi 2,000 (takriban mita 600) unazopanda. Iliwekwa kwa watembeaji, na mkimbiaji aliyejiandaa ataishinda, lakini inakukumbusha kwamba mita za kupanda zina muda wake. Tengeneza kanuni yako kutokana na mazoezi yako, kisha uilinganishe na muda wa mwisho unaoruhusiwa kufika kila kituo. Panga pia kwamba nusu ya pili itakuwa ya taratibu kuliko ya kwanza. Mpango unaodhani mwendo utabaki ule ule mwanzo hadi mwisho huwakatisha watu tamaa bure.

Kuhusu ratiba ya wiki sina mengi. Mbio nyingi ziwe nyepesi. Siku mbili mfululizo za mazoezi marefu mwishoni mwa wiki hufundisha miguu kufanya kazi ikiwa imechoka, na haziumizi kama siku moja ndefu kupita kiasi. Kila wiki ya tatu au ya nne punguza. Kama mbio zitaingia usiku, fanya mazoezi usiku na tochi ile ile ya kichwani utakayoivaa, maana mwanga wake hubadilisha vivuli vya mawe na unahitaji kuuzoea.

Chakula ndicho jambo la pili ninalolisisitiza bila kuchoka. Akiba ya wanga mwilini haitoshi kwa siku nzima ya kukimbia, hivyo lazima ule njiani. Wengi huweza gramu 60 hivi za wanga kwa saa. Waliozoeza matumbo yao hufika 90, wakichanganya aina mbili za sukari, glukosi na fruktosi, kwa kuwa utumbo huzipokea kwa njia tofauti. Ndizi moja ya wastani ina gramu kama 25, na pakiti nyingi za jeli, ule uji mzito wa sukari wanaobeba wakimbiaji, hukaribia hapo. Tumbo nalo hufanyiwa mazoezi: kila mbio ndefu ya maandalizi, kula kile utakachokula siku yenyewe, kwa muda ule ule. Mimi hula mwanzoni mwa kupanda, ninapotembea, ili nisifike kwenye mteremko na chakula kikiruka tumboni. Beba na kitu cha chumvi. Baada ya saa sita au saba vitu vitamu hukinaisha, na kipande cha kiazi cha kuchemsha chenye chumvi kinaweza kukurudishia hamu yote.

Maji kunywa kwa kufuata kiu. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu bado wapo wanaohimiza kunywa kadiri uwezavyo. Kunywa kupita kiasi hushusha sodiamu kwenye damu, na hali hiyo imeshaua wakimbiaji. Ukiona vidole vimevimba hadi pete inabana, kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu na umekuwa ukinywa sana, acha kunywa na uende kwa wahudumu wa afya. Wao ndio wakuelekeze. Usijitibu kwa maji zaidi. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki ziache nyumbani. Figo zako siku hiyo tayari zina mzigo wa joto, upungufu wa maji na mabaki ya misuli iliyoumia, na dawa hizo huziongezea.

Miguu ihudumie mapema. Kata kucha siku kadhaa kabla, siyo usiku wa kuamkia mbio. Chagua viatu vinavyoacha nafasi mbele ya vidole, kwa kuwa mguu huvimba na mteremko huusukuma mbele. Kabla ya mteremko mrefu mimi husimama na kukaza upya kamba za juu, pale karibu na kifundo, ili kisigino kikae mahali pake. Ni dakika moja tu, lakini imeziokoa kucha zangu. Na ukisikia joto la msuguano popote, kwapani, mapajani au unyayoni, simama hapo hapo upake mafuta ya mgando au ubandike plasta. Lengelenge halisubiri kituo kijacho.

Vifaa vya lazima vimeorodheshwa na waandaaji, na kila kimoja kina sababu yake: koti la mvua, filimbi, blanketi la dharura, tochi na betri za akiba, simu yenye chaji. Kwenye vilima hali ya hewa hugeuka haraka, na mtu aliyelowa akalazimika kutembea polepole huanza kutetemeka hata kama asubuhi kulikuwa na joto. Fanya walau mazoezi mawili marefu ukiwa umebeba mzigo wote, ili ujue mkoba unachubua wapi.

Wiki mbili au tatu za mwisho punguza umbali huku ukibakisha kasi kidogo. Utajiona mzito, na vimaumivu vidogo vitajitokeza hapa na pale. Hayo ni ya kawaida. Usijaribu kufidia mazoezi uliyoyakosa, na usingizi uupe kipaumbele, hasa usiku wa pili kabla ya mbio, maana ule wa mwisho wengi hatulali vizuri.

Baada ya kumaliza, angalia mkojo wako. Ukiwa na rangi ya chai iliyokolea, au ukikaa saa nyingi bila kukojoa ilhali umekunywa, nenda hospitali siku hiyo hiyo na uwaeleze kwamba umekimbia ultramarathoni, ili wapime figo na misuli. Kama kila kitu kiko sawa, wiki ya kwanza tembea tu. Mbio nyepesi zirudi pale utakapoweza kushuka ngazi bila kushika ukuta.