Maswali ya Wasomaji: Chakula cha Mtoto cha Kubeba Shuleni

SWALI: Binti yangu ana miaka 7. Kila siku anarudisha nusu ya chakula, hasa mkate wenye nyanya na matunda. Nimfungie nini?

JIBU: Mama, kabla hujabadili chakula, kiangalie kilichorudi. Nyanya hutoa maji, na mkate uliolowa hakuna mtoto anayeutaka. Paka siagi hadi kwenye kingo za vipande vyote viwili ili mafuta yazuie maji. Au nyanya ikae kwenye kikontena chake, aipange mwenyewe wakati wa kula. Tufaha lililokatwa huwa la kahawia likikutana na hewa. Halijaharibika, ila macho yamelikataa. Loweka vipande dakika 5 kwenye kikombe cha maji baridi chenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, suuza, kausha. Chungwa limenye nyumbani kabisa, maana muda wa kula shuleni ni mfupi.

Kiasi nacho kipime kwa ngumi yake, si yako: ngumi moja ya wali, viazi au tambi, na nyama, yai au maharage ya kujaa kiganja chake. Mboga na matunda yachukue karibu nusu ya kontena. Usijitese kutafuta mapishi mapya kila siku. Badilisha kitu kimoja tu. Kuku aliyekwenda na wali leo, kesho aingie kwenye mkate na tango. Chakula kigeni kiwe vipande 2 pembeni ya anachokipenda. Watoto wengi huhitaji kukutana nacho mara 10 au zaidi ndipo wakikubali, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya kwanza.

SWALI: Naweka wali na maharage kwenye hotpoti saa 12 asubuhi. Kufika saa 6 mchana vimepoa, wakati mwingine vimechacha. Hotpoti ni mbovu?

JIBU: Huenda ni nzima. Hotpoti hutunza joto, haiongezi. Kwanza ijaze maji yanayochemka, funika dakika 10, mwaga. Chakula kiingie kikifuka mvuke na kijae hadi juu, kwani nafasi tupu hukipoza. Kikishuka chini ya nyuzi 60 bakteria huzaana, na wali ndio unaotutia hofu zaidi: sumu ya bakteria wake haiondoki hata ukiupasha. Wali wa jana utumie tu kama uliutandaza kwenye sahani pana na kuuweka kwenye friji ndani ya saa 1 baada ya kupikwa. Huna hakika? Pika mwingine.

Vya kuliwa baridi, kama mtindi na mayai, vitoke kwenye friji na vikae kando ya chupa ndogo ya maji yaliyogandishwa. Mchana atakunywa maji hayo.

SWALI: Wa chekechea naweza kumwekea zabibu na karanga?

JIBU: Zabibu zikate kwa urefu vipande 4, kwani nzima huziba koo. Karanga nzima asipewe kabla ya miaka 5. Za kusagwa sawa, lakini iulize shule kwanza kama kuna mtoto mwenye mzio.