Niombe Msamaha kwa Kosa Nisilolifanya?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mhazini wa kwaya. Michango ya sare, shilingi 480,000, haionekani, na wazee wamenisimamisha huduma kabla ya kuniuliza lolote. Sasa wananishauri nisimame mbele ya usharika niombe msamaha ili yaishe. Sikuchukua hata senti. Nikijitetea naambiwa kwamba hata Yesu alinyamaza. Nifanye nini? (Mhazini, Morogoro)

JIBU: Usikiri. Amri ya Kutoka 20:16 inakataza ushuhuda wa uongo, na uongo unaojishuhudia mwenyewe bado ni uongo. Tena, kama kuna aliyechukua fedha hizo, utakuwa umemfunika. Ayubu alisukumwa hivyo hivyo na rafiki zake, waliodhani kila anayeteseka ana dhambi aliyoificha. Alikataa: hata atakapokufa, hatauacha uelekevu wake (27:5). Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wale rafiki, si yeye (42:7).

Hoja ya Yesu kunyamaza ni nusu ya habari. Usiku ule ule, alipopigwa kofi mbele ya Anasi, alisema: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" (Yohana 18:23). Huko ni kudai ushahidi. Alinyamaza pale mashahidi walipotoa maneno yasiyopatana (Marko 14:56-61), na mbele ya Herode aliyetaka kuona ishara tu. Alipoulizwa kama ndiye Kristo, alijibu waziwazi. Hakuna mahali alipokubali shtaka la uongo ili watu wapumzike.

Sasa kazi yako. Andika barua ya kuomba shtaka kwa maandishi: ni kiasi gani, kilikusanywa tarehe zipi, nani alikukabidhi. Anayeipokea asaini kwenye nakala utakayobaki nayo. Kisha kaa na daftari la michango, vitabu vya stakabadhi, taarifa ya benki na ujumbe wa miamala ya simu, uvilinganishe mstari kwa mstari, ukiwa na mtu mwingine anayeaminika na pande zote. Angalia hasa sehemu tatu: ahadi iliyoandikwa kana kwamba fedha zimepokelewa, malipo ya awali ya fundi yasiyo na hati, na mchango ulioingia kwenye simu ya mtu mwingine. Ukikuta pengo usiloweza kulieleza, liseme lilivyo. Usilizibe kwa fedha zako hata kama unazo, maana kesho utaonekana kama mwizi aliyerudisha.

Aliyekutuhumu mwendee peke yako kwanza, kisha na mtu mmoja au wawili, ndipo mbele ya kanisa, kama Mathayo 18:15-17 inavyoelekeza. Baraza likikataa kukusikiliza, peleka rufaa ngazi ya juu kwa utaratibu wa kanisa lenu. Na ukionekana huna hatia, omba itangazwe pale pale ulipotuhumiwa. Kule Filipi, Paulo na Sila walipigwa hadharani bila kuhukumiwa, kisha wakuu wakataka kuwatoa gerezani kimyakimya. Paulo akakataa, waje wenyewe (Matendo 16:37). Na wakaja.

SWALI: Baraza letu lina mashahidi wawili dhidi ya muumini mmoja. Biblia inasema wawili wanatosha. Tutoe uamuzi? (Mzee wa kanisa, Mbeya)

JIBU: Bado. Wawili ni kima cha chini cha kuanzia. Nabothi naye alishuhudiwa na watu wawili, tena kikao kilitanguliwa na mfungo, na mtu asiye na hatia akapigwa mawe (1 Wafalme 21). Torati inawataka waamuzi wapeleleze kwa bidii, na shahidi wa uongo atendewe alichokusudia kumtendea mwenzake (Kumbukumbu la Torati 19:18-19).

Namna ya kupeleleza imo katika Danieli 13, sura iliyomo katika Biblia ya Wakatoliki na ya Waorthodoksi. Wazee wawili walimshuhudia Susana uongo, kwamba alizini na kijana bustanini, na watu wakawaamini kwa kuwa walikuwa waamuzi. Danieli akawatenga, akamwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake.

Fanyeni hivyo. Kila shahidi peke yake, siku moja, wasipate nafasi ya kukutana katikati. Ulizeni: uliona au uliambiwa? Wapi, saa ngapi, nani mwingine alikuwepo? Andikeni maneno yake mwenyewe, asomewe, asaini. Kama wote wawili waliambiwa na mtu yule yule, hamna hata shahidi mmoja; mtafuteni huyo aliyewaambia. Maneno yao yakifanana neno kwa neno, shukuni kwamba yamepangwa. Mwenye ugomvi au undugu na mhusika atoke kwenye kikao. Kisha mshtakiwa awasikie washtaki wake uso kwa uso na ajibu. Hata Festo, mtawala wa Kirumi, alishika kanuni hiyo (Matendo 25:16). Baraza la kanisa lisizidiwe na Festo.

SWALI: Pilato alinawa mikono. Si basi hakuwa na hatia? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Alikuwa nayo. Katika Torati, wazee walinawa mikono maiti ilipookotwa na muuaji hajulikani (Kumbukumbu la Torati 21:1-9). Pilato alijua kila kitu, na amri ya kusulubisha ilikuwa yake. Katika Luka 23 anasema mara tatu kwamba haoni kosa, lakini katikati ya maneno hayo anaongeza: "nitamrudi, kisha nitamfungua." Hapo ndipo alipoharibu. Kama hana kosa, kiboko cha nini? Alitafuta adhabu ndogo ili yaishe, na umati ukaona kwamba anasukumika. Katika Kanuni ya Imani, Wakatoliki husema Yesu aliteswa "kwa mamlaka ya Ponsyo Pilato", na Waprotestanti wengi "zamani za Pontio Pilato". Yale maji hayakuliondoa jina lake humo.