Cherehani chini ya kitenge

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu mwenye ulemavu anayepokea ruzuku ya serikali akianza kufanya kazi, aendelee kulipwa? Mimi ni fundi nguo hapa Uyole, Mbeya, na natembelea magongo tangu utotoni. Nasema aendelee, na nitaanza na bajaji.

Kutoka nyumbani hadi kwenye fremu ninakoshonea, mwenye miguu mizima anatembea dakika kumi na tano. Kiangazi najikongoja hivyo hivyo. Masika yakikolea siwezi. Gongo linazama kwenye tope, ukilichomoa linakuja na bonge zima la udongo, na mpira wake wa chini unabaki humo humo. Basi nalipa bajaji, kwenda na kurudi shilingi 2,000 kila siku. Viatu nanunua jozi mbili, kwa sababu mguu mmoja ni namba 37 na mwingine 34. Gharama hizi hazikuisha nilipopata kazi. Zimeongezeka, maana zamani nilikuwa nashinda ndani.

Huku Tanzania Bara hatuna posho ya kila mwezi anayolipwa kila mwenye ulemavu. Kaya yetu imo TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, na mpokeaji wa ruzuku ni mama. Mnaingia kwa sababu ya umaskini wa kaya, na wanaowataja ni majirani zenu kwenye mkutano. Kwa hiyo jicho la jirani lina uzito. Nilipoanza kushona, dada mmoja wa mtaani alinionya: "Wakikuona na cherehani, jina linakatwa." Mama akaamini. Kila akisikia watu wa uhakiki, wanaokagua kama kaya bado ni maskini, wanapita, aliisukuma cherehani kona ya chumba, akaitandikia kitenge na kuweka ndoo ya maji juu. Miezi minane nilishona usiku, mlango umefungwa. Sketi ya shule ya mtoto wa watu niliikata vibaya kwa sababu ya mwanga hafifu, nikakilipa kitambaa. Na siku moja, nikiwa kwenye foleni ya ofisi fulani, mhudumu alinitamkia mbele za watu: "Wewe si unajiweza sasa?" Nililia njia nzima.

Kinachoniuma ni kwamba mpango huo huo unatuhimiza tufanye kazi. Una ajira za muda, una vikundi vya kuweka akiba, una mafunzo ya miradi midogo. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni yetu wenye ulemavu. Huwezi kunikopesha nifanye biashara, halafu biashara hiyo ikawa kosa langu.

Binamu yangu alikatwa vidole vitatu na msumeno kwenye kiwanda cha mbao kule Mafinga. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa mkupuo kama ulemavu wa kudumu hauzidi asilimia 30. Ukizidi, ni pensheni ya kila mwezi. Yeye alipata mkupuo, akapona, akarudi kiwandani kupanga mbao. Hakuna aliyemwambia arudishe hela, kwa kuwa kila mtu anaelewa ile ilikuwa ya vidole. Mimi naomba mguu wangu ueleweke hivyo hivyo. Kipato kikipanda, fungu la umaskini lipungue, sina ugomvi, kuna kaya hapa mtaani zina njaa kuliko sisi. Lakini fungu la ulemavu litenganishwe na libaki, kwa sababu magongo yamebaki.

Uhakiki uliopita nilimkataza mama asifunike kitu. Kijana wa kuandika aliponiuliza kazi yangu, nilimwambia fundi nguo, nikamwelekeza na fremu ilipo. Akaandika. Majina ya watakaobaki kwenye mpango bado hayajarudi.