Maswali na majibu: piano ya George Shearing

Alizaliwa haoni, au alipofuka baadaye?
Shearing, mpiga piano wa jazi, alizaliwa hivyo, Battersea, London, 13 Agosti 1919, kitinda mimba wa watoto tisa. Baba alikuwa mfanyakazi wa makaa ya mawe, mama akisafisha treni usiku. Alisoma Linden Lodge, shule ya wasioona, kisha akaanza kupiga piano kwenye baa. Mwaka 1947 alihamia Marekani.

Ile sauti yake laini nikiijaribu peke yangu haitoki. Nakosea wapi?
Huenda hukosei: nusu ya sauti ile haiko kwenye piano. Katika kwinteti (kundi la wanamuziki watano) aliyoiunda 1949, vibrafoni (ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa) ya Margie Hyams ilifuata melodi ya juu, gitaa ya Chuck Wayne ikaifuata okteva moja chini (noti zilezile, sauti nzito zaidi), na piano ikajaza katikati.

Upande wa piano, mkono wa kulia hupiga noti nne zilizobanana, melodi ikiwa juu. Wa kushoto hurudia melodi hiyohiyo okteva moja chini. Tuseme uko kwenye kordi (noti zinazopigwa pamoja) ya C6 na melodi ni C: kulia piga E, G, A, C, kushoto C. Melodi ikipanda hadi D, kulia ni F, A-flati, B, D, kushoto D. Hiyo ya pili ni kordi dimini (diminished), nayo ni ya kupitia tu. Ukiikalia, masikio yatadhani wimbo umehama.

Kwangu inasikika nzito kama matofali.
Basi unabonyeza noti zote kwa nguvu sawa. Kidole kidogo cha kulia ndicho kiimbe. Vingine viguse tu. Pia usiongeze noti ya msingi chini kabisa, hiyo ni kazi ya besi. Na kama mkono wa kushoto unachelewa hata kidogo, mchezo umeharibika.

Ni kweli alitunga "Lullaby of Birdland" kwa dakika kumi?
Ndivyo alivyosimulia mwenyewe. Ulitungwa 1952 kwa ajili ya kipindi cha redio cha klabu ya Birdland, New York. Alipenda kutania kwamba kati ya nyimbo zake 300, nyingine 299 zimesahaulika. (Alizidisha chumvi, lakini si sana.)

Asiyeona anasomaje noti huku mikono iko kwenye piano?
Hasomi huku anapiga mikono yote miwili; anakariri kwanza. Muziki wa nukta nundu hauna ile mistari mitano ya kuandikia noti. Kila alama ina nafasi sita za nukta: nne za juu hutaja noti, mbili za chini urefu wake. Mkono wa kushoto unasoma, wa kulia unapiga. Kisha mikono inabadilishana, halafu sehemu mbili zinaunganishwa kichwani. Chukua vipimo (vipande vifupi vya muziki, "bars") viwili vitatu kwa mara moja. Kumbukumbu hukatikia kwenye kiungo, kwa hiyo kila kipande kipya kianzie kwenye noti ya mwisho ya kilichotangulia.