Maswali ya Wasomaji: Wanaimba Jedwali, Lakini Hawajui Saba Mara Nane

Swali: Ninafundisha Gredi ya 4. Wanafunzi wangu huimba jedwali la saba bila kukosea, lakini nikimuuliza mmoja wao saba mara nane ni ngapi, huanza tena kwenye saba mara moja huku akihesabu vidole chini ya dawati. Nifanyeje?
*Mwalimu, Kondele, Kisumu*

Jibu: Mwalimu mwenzangu, watoto hao wameshika mfuatano wa maneno, na mfuatano ukikatwa katikati hawana pa kushikia. Wimbo usiuache, ila utanguliwe na kitu cha kuona na kugusa. Trei tupu ya mayai kutoka soko la Kibuye inatosha: ina safu tano zenye vishimo sita sita, yaani 30. Mwanafunzi akiigeuza upande, anapata safu sita zenye vishimo vitano vitano, na idadi haikubadilika. Mpe kila mmoja nafasi ya kuigeuza kwa mikono yake, hata kama kipindi kitakwisha, kwa sababu hapo ndipo mzigo unapopungua. Jedwali la 1 hadi 10 lina majibu 100, lakini anayejua kwamba tano mara sita ni sawa na sita mara tano amebakiwa na 55 tu. Ukiondoa pia ya 1, 2, 5 na 10, ambayo kwa kawaida hushikwa mapema, yanabaki 21. Andika jedwali zima ubaoni, kisha yale yanayoondolewa yafute moja baada ya jingine, darasa zima likitazama.

Hayo 21 yajengwe juu ya yale wanayoyajua tayari. Kuzidisha kwa nane ni kuongeza maradufu mara tatu: saba inakuwa 14, kisha 28, kisha 56. Kwa tisa, wazidishe kwa kumi, kisha watoe namba yenyewe mara moja: saba mara tisa ni 70 toa 7, yaani 63.

Mazoezi yawe mafupi, dakika tano kila siku, maswali mawili matatu mapya yakichanganywa na ya zamani bila mpangilio. Nakusihi usimsimamishe mtoto mbele ya wenzake huku ukitazama saa, maana hofu humsahaulisha hata analolijua. Muulize amefikaje kwenye jibu lake, hata likiwa sahihi. Na akikuambia saba mara nane ni 54, usimtajie 56. Mrudishe kwenye 28, umwache aongeze maradufu mwenyewe.